Nywele Zikipungua, Angalia Kwanza Ni Mahali Gani

Siku ya kupokea pesa za mzunguko, wachuuzi wa vipodozi nao huwa hawako mbali. Mama mmoja wa kikundi tulichotembelea alipokea zamu yake, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amenunua mikebe miwili ya mafuta ya "kuotesha nywele". Alipofungua kitambaa tuone, nywele za utosini zilikuwa nzito na nzuri kabisa. Zilizokwisha ni za pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Muuguzi tuliyekuwa naye hata hakuuliza habari ya mafuta. Aliuliza, "Mama, nani anakusuka?"

Swali hilo ndilo tungependa kila kikundi kijue kuuliza. Nywele hupungua kwa sababu nyingi, na mara nyingi kichwa chenyewe hukuonyesha sababu. Ukiijua, utajua kama hili ni jambo la kungoja, la kulegeza msuko, au la kwenda kituo cha afya. Mchuuzi hatakuambia hayo, maana yeye anauza mkebe mmoja kwa vichwa vyote.

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000. Kila unywele hutoka katika kishimo kidogo ndani ya ngozi, na huko ndani ndiko uliko uhai wake. Unywele huota kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika miezi michache, kisha huanguka na mwingine hutoka pale pale. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mtu aliyekaa na msuko wiki sita akifumua atashika fungu zima mkononi. Asishtuke, kwani nyingi zilikuwa zimeanguka siku nyingi, msuko ndio ulikuwa umezishika.

Sasa turudi kwa yule mama. Nywele zikipungua mbele na pembeni tu, mshukiwa wa kwanza ni msuko unaovuta. Nywele za ukingoni ni laini, na ndizo msusi huvuta zaidi ili mstari uonekane safi. Ukiongeza nywele za bandia ndefu, uzito wote unaning'inia kwenye vishimo hivyo mchana na usiku. Kishimo kikivutwa muda mrefu huvimba, na kikivimba mara kwa mara mwisho wake hugeuka kovu. Kovu haliotoi nywele.

Dalili huja mapema, lakini tumezoea kuzipuuza. Ni ule uchungu wa usiku wa kwanza unaokufanya ulale uso chini na kumeza dawa ya maumivu. Ni vile vipele vidogo kwenye ukingo wa nywele. Wengine hata hujisifu, eti msuko usiouma haudumu! Utafiti mmoja wa Cape Town, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa na madhara haya ya kuvutwa nywele. Na huanza utotoni. Msichana akilia anaposukwa, hadeki. Kichwa kinamuuma.

Mambo huwa mabaya zaidi msuko ukiwekwa juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha. Vikundi vyetu vinavyotengeneza sabuni vinaijua kostiki soda na jinsi inavyochoma mkono. Basi, dawa nyingi za kunyoosha nywele zina kostiki soda hiyo hiyo, au kitu cha jamii yake. Hulainisha unywele kwa kuuvunja nguvu. Ikigusa ngozi yenye mkwaruzo huchoma, na kidonda kikubwa huweza kuacha kovu. Ukianza kusikia moto kichwani, sema hapo hapo na uoshwe. Usivumilie ili dawa "ishike". Tena usisukwe siku ile ile, ngoja angalau wiki mbili.

Je, nywele za yule mama zitarudi? Muuguzi alimsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni kulikuwa bado na nywele nyembamba kama manyoya ya kifaranga, na hiyo ni habari njema, maana kishimo bado ki hai. Msuko ukiachwa, baada ya miezi kadhaa mtu huona mabadiliko. Lakini ngozi ikishakuwa laini inayong'aa, bila hata alama ya vishimo, hakuna mafuta ya kuifungua tena. Kwa hiyo mwambie msusi wako alegeze. Mistari iwe minene, nywele za bandia ziwe chache na fupi, nywele za ukingoni ziachwe nje. Msuko usipite wiki sita au nane, na baada ya kufumua kichwa kipumzike wiki kadhaa kabla ya msuko mwingine. Na ukiuma, ufumue siku hiyo hiyo hata kama umeulipia. Tunajua hapo ndipo pagumu.

Nywele zikipungua kichwa kizima kwa pamoja, habari ni nyingine. Mama aliyejifungua miezi miwili hadi minne iliyopita huweza kuona nywele zikitoka kwa wingi hata akadhani amerogwa. Wakati wa mimba nywele nyingi huahirisha kuanguka, na baada ya kuzaa huanguka zote kwa mkupuo. Kwa kawaida zitarudi zenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Huyu hahitaji kununua kitu. Hali kama hiyo humpata mtu aliyeugua homa kali, aliyepasuliwa, au aliyepata msiba mkubwa. Kwa kuwa nywele huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, watu hawaunganishi mambo hayo mawili.

Lakini kama mtu amechoka kila siku, anahema akipanda kilima kidogo, na hedhi yake ni nzito, huenda damu imepungua. Apimwe. Maharagwe, ndengu, omena, nyama kidogo ikipatikana, pamoja na terere au kunde, vyote vina madini ya chuma. Chai inyweke saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu ikinywewa pamoja nacho huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Anayekonda, mwenye uvimbe shingoni au upele mwilini pia aende kituoni, maana ugonjwa wa rovu, kaswende na virusi vya UKIMWI vyote vinaweza kupunguza nywele. Mtoto mdogo ambaye nywele zimegeuka nyekundu na kung'oka kwa urahisi, na miguu imevimba, asingoje hata kesho. Hiyo ni dalili ya utapiamlo mkali.

Watoto wa shule nao wana lao: mashilingi. Ni mabaka ya mviringo yenye magamba, na nywele zimekatika karibu na ngozi. Husababishwa na kuvu, na huambukizwa kwa chanuo, kofia, na mashine ya kinyozi. Wazazi wengi hupaka krimu, wengine mafuta ya taa au maji ya betri. Tafadhali, hayo mawili ya mwisho yatamchoma mtoto. Krimu peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa kuvu imeingia ndani ya unywele. Zinahitajika dawa za kumeza kutoka kituo cha afya, kwa kawaida wiki nne hadi nane, na mtoto azimalize hata baka likionekana limepona. Baka likivimba na kutoa usaha, mpeleke upesi lisije likaacha kovu. Watoto wengine wa nyumba hiyo waangaliwe vichwa pia.

Kuna baka jingine ambalo ni laini kabisa, halina magamba wala halimwambukizi mtu. Hapo kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoshambulia nywele. Mara nyingi zinarudi, lakini ni vizuri daktari alione.

Na wazee wenye upara? Huo mara nyingi ni urithi wa ukoo, wala si ugonjwa. Wavae kofia jua likiwa kali, na pesa zao zikae mfukoni.

Yule mama alifumua msuko jioni ile ile. Mkebe mmoja alikuwa ameshaufungua. Wa pili aliurudisha kwa mchuuzi, wakabishana sana, akapewa sabuni badala ya pesa.