Rupia na Heller za Wajerumani Mikononi mwa Wananchi: Sheria Inaruhusu Nini, Inakataza Nini

Na Afisa Habari, Kyela

Jumamosi ni siku ya soko Lyulilo, jirani na Matema, ambapo mitumbwi hufika ikiwa imesheheni vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe. Ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ulifikiwa mapema na Wajerumani. Wamisionari wa Berlin walijenga Matema, na kituo cha utawala cha Langenburg kilikuwa kando ya ziwa kabla ya makao kuhamishiwa Tukuyu. Kwa sababu hiyo si ajabu mkazi wa eneo hili kurithi rupia kutoka kwa bibi yake, au jembe lake kugonga sarafu ya heller yenye tundu katikati. Swali linaloulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni kama kuwa na sarafu hiyo ni kosa.

Jibu fupi ni kwamba si kosa. Hata hivyo, yapo mambo yanayoweza kufanywa kwa sarafu ya kale ambayo ni makosa, na kutoyafahamu kumewaponza wananchi kwa namna mbili: wapo wanaoiuza kwa bei ya kutupa wakihofia kukamatwa, na wapo wanaotoa fedha zao kwa matapeli wakitarajia utajiri.

Ni vema kwanza kufahamu sarafu zenyewe. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890. Pesa hizo zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia zina sura ya Mfalme Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilichukua jukumu hilo, na rupia moja ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilipozingirwa na fedha kuadimika, karakana ya Tabora iligonga sarafu za dharura mwaka 1916, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo na mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na zilitengenezwa zaidi kidogo ya 16,000 tu. Hizo ndizo zinazotafutwa zaidi na wakusanyaji duniani, na ndizo zinazoghushiwa zaidi.

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilileta shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilianza kazi Juni 1966 na kutoa shilingi ya Tanzania. Rupia, kwa hiyo, si fedha halali kwa malipo, na Benki Kuu haina wajibu wa kuibadilisha. Imebaki kuwa mali kama mali nyingine yoyote ya urithi: mwenye nayo anaweza kuitunza, kumpa mwanawe au kuiuza.

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, huangalia umri wa kitu. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya kale. Anayekigundua anapaswa kutoa taarifa, na hawezi kukiuza wala kukisafirisha nje ya nchi bila kibali. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinaangukia hapa moja kwa moja. Rupia ya mwaka 1890, au heller ya mwaka 1913, haifikii umri huo.

Ila umri huo haumpi mtu ruhusa ya kuchimba. Sheria hiyo hiyo inakataza kufukua ardhi kutafuta mambo ya kale bila leseni, na ndipo wengi wanaosaka kinachoitwa “mali ya Mjerumani” wanapojikwaa. Anayevunja msingi wa jengo la kale la misheni hawezi kujitetea kwamba alitafuta rupia tu; hajui atakachokikuta, na jengo lenyewe huenda linalindwa. Kufukua kaburi ni kosa jingine kabisa chini ya Kanuni ya Adhabu.

Kuokota ni jambo tofauti. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kwamba mtu aliyeokota kitu kilichopotea hahesabiwi kuwa mwizi iwapo hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za msingi kuamini kwamba hawezi kupatikana. Sarafu iliyolala udongoni zaidi ya miaka 100 ni mfano mzuri. Lakini mkoba wa sarafu uliookotwa kwenye boma la jirani, ambalo ukoo wake upo na unajulikana, si mfano huo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sheria ni kali zaidi kwa sarafu mpya kuliko za zamani. Ni kosa kuyeyusha, kuvunja au kuchora alama kwenye sarafu iliyo katika mzunguko, au kuitumia kwa shughuli isiyo ya fedha. Anayetoboa shilingi 500 ya leo ili aivae shingoni yuko hatarini kisheria kuliko sonara anayeyeyusha rupia. Rupia hailindwi na kifungu hicho, kwa kuwa haiko tena katika mzunguko. Inasikitisha kuiyeyusha, kwa maana gramu zake zisizozidi 12 hazilingani na thamani ya sarafu nzima, lakini si kosa la aina hiyo.

Zipo pia sarafu adimu za Tanzania yenyewe. Mwaka 1974 zilitolewa sarafu za kuhamasisha uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye faru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Zilikusudiwa wakusanyaji tangu mwanzo, na kuzimiliki ni halali.

Sasa kuhusu utapeli. Madai kwamba rupia fulani huvuta sindano, husogeza punje za mchele au ina zebaki ya mamilioni hayana msingi wowote. Anayetakiwa kulipa “gharama ya kupima” kabla mnunuzi hajafika ajue kwamba mnunuzi huyo hayupo. Vilevile, anayemtisha mwananchi kwamba Serikali inakamata wenye rupia, kisha akajitolea “kumsaidia” kwa kuichukua, anamdanganya. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na taarifa ipelekwe Kituo cha Polisi.

Kwa anayeokota sarafu leo, ushauri ni kutoisugua kwa mchanga, majivu wala limau, kwani usafi huo huondoa maandishi na kushusha thamani. Aandike mahali na siku aliyoipata. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu chache katika kisiwa cha Marchinbar, Australia, na akaweka alama ya mahali hapo kwenye ramani. Miaka mingi baadaye baadhi yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa, na ramani ile ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi pale pale. Iwapo sarafu ina maandishi yasiyosomeka, au mwaka wake haujulikani, aionyeshe kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya ya Kyela kabla ya kuiuza au kuivusha mpaka. Suala likizidi hapo, Idara ya Malikale katika Wizara ya Maliasili na Utalii ndiyo yenye mamlaka ya kueleza kama kibali kinahitajika.