Mwanao ameomba vyuo vitatu? Usihangaike kuficha, hangaikia kuthibitisha

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali hili huzunguka kwa wazazi, na Igamba wilayani Mbozi halikosekani: mtoto akiulizwa kama ameomba na chuo kingine, aseme au anyamaze? Wapo wanaoamini kuwa chuo kikijua mwombaji ana machaguo mengine, kitamwacha na kumchukua aliyeonyesha msimamo.

Hofu hiyo inaeleweka. Familia inayosubiri fedha ya kahawa ndipo ilipe ada haiwezi kumudu kupoteza mwaka mzima. Lakini kwa utaratibu wa nchi yetu, kuomba vyuo zaidi ya kimoja si kosa, wala si siri.

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/11, maombi ya shahada ya kwanza yalipitia mfumo mmoja wa pamoja chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mwaka 2017 utaratibu huo ulibadilika, na sasa mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Anayetaka kusomea udaktari anaweza kuomba Muhimbili, Dodoma na Bugando kwa msimu mmoja, na bado akaomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina ndaki ya afya jijini Mbeya.

Namba ya mtihani haifichiki

Mwombaji hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Vyuo vikishawasilisha TCU majina ya waliochaguliwa, namba iliyojitokeza kwenye vyuo viwili au vitatu huonekana mara moja. Ndiyo maana TCU hutangaza orodha ya waliodahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja. Jina la mwanao kuwa kwenye orodha hiyo si adhabu. Maana yake ni kwamba ana nafasi zaidi ya moja na anatakiwa kuchagua.

Kinachoamua ni sifa za kujiunga, ufaulu na idadi ya nafasi za kozi. Kwa kidato cha sita, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwenye kozi zinazogombewa kama udaktari, ufaulu ndio unaopanga foleni. Kutaja chuo kingine hakuongezi pointi na hakupunguzi.

Wenzetu wa Uingereza wameliweka hili ndani ya mfumo wenyewe. Huko mwombaji huchagua hadi kozi 5 kupitia UCAS, na wakati chuo kinafanya uamuzi hakioni kwingine alikoomba.

Kwa waliomaliza kidato cha nne wanaotaka cheti au diploma ya afya Tanzania Bara, maombi hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Machaguo yote huandikwa sehemu moja, hivyo hapo hakuna hata cha kuficha. La kuangalia ni sifa: diploma ya utabibu, kwa mfano, inadai ufaulu wa angalau masomo 4 yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia.

Hatari iko wapi?

Hatari iko baada ya kuchaguliwa. Aliyepata vyuo viwili au zaidi lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyojaza wakati wa kuomba. Asipothibitisha, anaweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata.

Hapa ndipo watoto wengi wa vijijini wanapokwama. Mtoto anajaziwa maombi kwenye steshenari ya Mlowo au Vwawa, na namba ya simu inayoandikwa ni ya mwenye duka. Ujumbe ukija, unaingia kwenye simu ya mtu mwingine. Kwa hiyo mzazi, kabla hamjaondoka dukani, hakikisha namba iliyojazwa ni ya mtoto au ni yako, na kwamba nywila ya akaunti mmeiandika kwenye daftari la nyumbani. Laini hiyo isibadilishwe hadi mtoto aripoti chuoni. Ujumbe usipofika, aingie kwenye akaunti yake ya chuo alichokichagua na kuomba utumwe tena.

Kaeni pia mapema mkubaliane chuo kipi kitakuwa cha kwanza endapo atapata vyote. Pigeni hesabu ya ada, nauli na malazi, na mtoto mwenyewe asikilizwe, maana yeye ndiye atakayesoma. Mazungumzo hayo yakisubiri hadi majina yatoke, siku chache za kuthibitisha huishia kwenye mabishano.

Na kama fomu au msaili atauliza wapi kwingine ameomba, mtoto ajibu kweli na kwa ufupi. Kusema ameomba vyuo vitatu hakumharibii sifa. Taarifa ya uongo kwenye fomu ndiyo inayoweza kumponza baadaye, hata akiwa tayari amepata nafasi.