Vilima vya Mviringo vya Uzigua

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni huvuka mto Pangani, akaiacha nyuma milima ya Usambara iliyosimama kama ukuta. Mbele yake huona vilima vya peke yake, vya mviringo, mfano wa vyungu vilivyopinduliwa.

Miamba yake ni ya kale mno. Jua huipasha moto, usiku huipoza, maji ya mvua huingia nyufani. Ndipo ibandukapo magamba kama kitunguu, na pembe zake hulika.

Kilima namna hii ni kipole machoni, lakini chadanganya. Mpandaji hudhani amefika juu, kumbe yu begani tu. Kushuka ndiko kubaya zaidi: ubavu huinama kidogo kidogo, hata hatuyaoni yaliyo chini yetu, na mwamba huzidi kuwa wima pasipo kutuonya. Ukilowa, huteleza kama sabuni. Kwa hiyo tupandapo twaweka mawe mawili matatu njiani, tupate kurejea palepale. Tukipotewa, twaitazama Usambara: huko ni kaskazini. Wala tusikawie kileleni kwa kupendezwa na upepo. Jua likisha kuzama, giza huingia kabla ya nusu saa.