Anayeuliza na Anayejitolea: Kwa Nini Wanagombana?



Tumezoea kuzungumzia migogoro ya mashamba, ya ng'ombe, ya maji na ya ushefu. Leo tunaleta mgogoro ambao wengi wetu hatuujui. Ni ule kati ya watu wanaotumia programu za komputa zinazotolewa bure na wajitoleaji wanaoandika maelekezo ya kuzitumia. Mtu anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tulioacha nyumba zetu milimani na kulala chini ya hema? Yanatuhusu. Siku hizi majina yenu katika orodha za msaada huandikwa kwa simu, na mara nyingi simu hizo zinatumia programu za aina hiyo.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Miaka michache iliyopita tuliandikisha kaya katika kambi moja karibu na Baraka. Kazi hiyo ilifanywa na vijana waliojitolea, nao wenyewe walikuwa wakimbizi wa ndani. Siku ya kugawa vifaa ilipofika, safu mbili nzima za mahema hazikuwa na jina hata moja katika orodha. Wengi katika safu hizo walikuwa wametoka upande mmoja wa milima. Kabla ya saa sita mchana maneno yalikuwa yameenea kambi nzima: "Wametufuta kwa sababu ya kabila letu."

Mama mmoja mzee alinishika mkono akaniuliza, "Mtoto wangu, siku ile si tulisema majina yetu mbele yako? Yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Vijana wengine walikwenda na mawe hadi kwenye hema la binti aliyeandika safu hizo. Shefu wa kambi na wazee wawili walisimama mlangoni hadi vijana wakatulia.

Jioni tulipokagua simu ya yule binti tukayakuta majina yote humo. Hakuna aliyefutwa. Mwongozo tuliompa ulisema kwamba ukimaliza kuhifadhi fomu, kazi imekwisha, itajituma yenyewe. Lakini programu ilikuwa imebadilishwa tangu mwongozo uandikwe, na sasa ilibidi kubonyeza kitufe kingine ndipo fomu iende. Binti alifuata maandishi neno kwa neno. Maandishi yenyewe ndiyo yaliyokuwa ya zamani.

Kuna jambo jingine ambalo sipendi kulisema, lakini bila hilo habari hii haijakamilika. Kosa hilo nilikuwa nimeligundua miezi miwili kabla, katika kituo kingine. Nilinung'unika, nikatafuta njia yangu, nikaendelea na kazi. Sikumwandikia aliyetunga mwongozo, wala sikuwaonya wenzangu. Yule binti aliacha kujitolea, na hakurudi tena.

Programu huria ni nini?

Programu ni maagizo yanayoiambia komputa au simu la kufanya. Kampuni nyingi huficha maagizo hayo na kuyauza. Programu huria ni zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua aone zilivyoandikwa, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Mmarekani Richard Stallman alianzisha kazi ya namna hiyo mwaka 1983. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, akaanza Linux, ambayo leo inaendesha komputa nyingi zinazobeba intaneti, na ndiyo iliyo ndani ya simu za Android mlizo nazo mifukoni.

Tufananishe na salongo. Watu wa mtaa wanatoka na majembe kutengeneza barabara. Ikiisha, kila mtu anapita, hata yule aliyebaki nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa hakuna shefu anayelazimisha. Wengine hulipwa na makampuni au mashirika, lakini wengi hufanya usiku, baada ya kazi inayowapa chakula.

Mashirika ya misaada yamefaidika sana. ODK, programu ya kukusanya habari kwa simu, ilianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Juu ya msingi wake wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walijenga KoBoToolbox, inayotumiwa na mashirika mengi penye vita na maafa. Kwa kuwa msingi ulikuwa wazi, hawakuhitaji kuanza upya wala kununua ruhusa.

Kwa nini maelekezo yanapungua?

Programu bila maelekezo ni kama mashine ya kusaga iliyoshushwa kutoka kwenye mtumbwi bila fundi. Kila mtu anajua ina faida, lakini hakuna anayejua kuiwasha.

Stallman mwenyewe aliandika kwamba upungufu mkubwa wa programu huria ni kukosa vitabu vizuri vya maelekezo, vilivyo huru kama programu zenyewe. Miaka mingi baadaye hali haijabadilika sana. Mwaka 2017 GitHub, mahali ambapo wengi huhifadhi programu huria, iliuliza maswali watu zaidi ya 5,500. Kati yao 93 katika kila 100 walisema wamekutana na tatizo la maelekezo yasiyokamilika au yaliyopitwa na wakati. Lakini katika wale wanaochangia programu hizo, 60 katika kila 100 walisema ni mara chache sana, au hawajawahi kabisa, kusaidia kuandika maelekezo.

Tazameni hesabu hizo vizuri. Karibu wote wanaona tatizo, na wengi wao hawaligusi. Sababu ziko wazi. Kwanza, aliyetengeneza kitu amesahau jinsi alivyokuwa kabla ya kukijua, kwa hiyo anaruka hatua ambazo kwa mgeni ndizo ngumu. Pili, sifa huenda kwa mtengenezaji, si kwa mwandishi. Tatu, kila programu inapobadilika, maandishi yanazeeka siku hiyohiyo.

Ugomvi unavyoanza

Mtumiaji anafika akiwa amechelewa. Mkubwa wake anamsubiri, au watu wamepanga mstari juani. Anasoma, haelewi, anajaribu, inakataa. Anaandika kwa hasira: "Maelekezo yenu hayafai! Kwa nini hamtengenezi?" Yeye anadhani anazungumza na kampuni yenye ofisi na wafanyakazi.

Upande wa pili yuko mtu mmoja aliyetoka kazini, ana mtoto mgonjwa, na swali hilo analiona kwa mara ya arobaini. Anajibu kwa ukali: "Soma kitabu kwanza!" Jibu hilo ni la zamani sana miongoni mwa watu wa komputa, na mara nyingi husemwa pamoja na tusi. Mtumiaji anaona amedharauliwa, mjitoleaji anaona hakushukuriwa, na kila mmoja anaondoka akisimulia ubaya wa mwenzake.

Wote wawili wana haki fulani. Mtumiaji ana haki ya kuambiwa ukweli, kwa maana maelekezo mabaya yanaweza kumdhuru yeye na watu anaowahudumia. Mjitoleaji ana haki ya heshima, kwa maana hakuna mkataba unaomfunga. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anaona haki yake tu. Si hivyohivyo kwenye bomba la maji kambini? Wanaoteka wanalaumu komite kwamba bomba limeharibika, na komite inalaumu wanaoteka kwamba hawachangii hata saa moja ya kufagia.

Ugomvi ukiachwa, adui huingia

Katika utafiti uleule wa 2017, watu 18 katika kila 100 walisema wao wenyewe wametendewa vibaya na mwenzao katika kazi hizo, na 50 katika kila 100 walisema wameona wengine wakitendewa hivyo. Kuna anayesema ni maneno tu. Lakini mwaka 2024 dunia iliona maneno yanaweza kufungua mlango gani.

Kuna programu ndogo inayoitwa XZ Utils, inayobana mafaili yachukue nafasi ndogo. Imo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja asiyelipwa. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumlaumu hadharani kwamba anachelewa, kwamba amewaangusha watumiaji, kwamba awape wengine kazi. Wakati huohuo mtu mwingine alikuwa akimsaidia kwa upole na bidii. Mzee wa kazi, akiwa amechoka, alimwamini msaidizi huyo akampa mamlaka. Mwanzoni mwa 2024 msaidizi akaficha ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia komputa za watu. Mwezi wa Machi mhandisi Andres Freund aliona komputa yake inachelewa kwa muda wa nusu sekunde hivi, akachunguza, akapiga kelele kabla hatari haijaenea.

Wachunguzi wengi wanaamini wale walaumu walikuwa wamepangwa pamoja na yule msaidizi. Sisi wa Fizi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Tunamjua mtu anayekuza lawama za kweli ili jamii ichoke, kisha ajitokeze kama mwokozi.

Suala la lugha

Maelekezo mengi huandikwa kwa Kiingereza, baadhi hutafsiriwa kwa Kifaransa, na machache sana hufika kwenye Kiswahili. Inawezekana lakini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili. Watu walikaa wakachagua maneno ambayo mtu wa kawaida angeyafahamu.

Ila tafsiri nayo inahitaji mtunzaji. OpenOffice iligawanyika mwaka 2010, na LibreOffice ikaendelea kwa njia yake. Programu ikisonga, tafsiri isiyo na watunzaji inabaki nyuma, na tunarudi kwenye kitufe kisichokuwepo.

Kazi ya ramani inaonyesha jinsi pande mbili zinavyoweza kusaidiana. Katika mpango wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014 na Médecins Sans Frontières pamoja na Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani na wenzao wa OpenStreetMap, wajitoleaji walio mbali huchora nyumba na barabara kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Lakini picha haisemi mtaa unaitwaje. Jina hutoka kwa mwenyeji. Vivyo hivyo mtunzi wa programu anajua kitufe kinafanya nini, na mwandikishaji wa kambini anajua ni wapi mtu hukwama.

Tulivyojaribu kurekebisha

Baada ya mkasa wetu tulikaa chini ya mwembe pamoja na shefu wa kambi, wawakilishi wa zile safu mbili na vijana waandikishaji. Tulifungua simu mbele ya wote, kila mtu akaona jina lake. Niliomba msamaha kwa kunyamaza kwangu. Vifaa vyao vilifika baadaye, na wazee wakakubali kutangaza kwamba hakuna kabila lililofutwa.

Kisha vijana wakatunga karatasi moja kwa Kiswahili cha hapa kwetu, yenye michoro ya vitufe. Tuliijaribu kwa kumpa mtu asiyewahi kuitumia programu ile, nasi tukanyamaza tukimtazama. Alipokwama, tuliandika upya sehemu ile badala ya kumcheka. Mwisho tuliwaandikia watunzi wa mwongozo, tukaeleza kosa liko ukurasa gani na sentensi ipi ingefaa. Walirekebisha, wakashukuru. Kazi yote ya kuwaandikia ilichukua nusu saa. Nusu saa hiyo ningeitoa miezi miwili mapema, binti yule asingefuatwa kwa mawe.

Ushauri kwa viongozi

1. Kabla ya kulaumu, uliza: huyu analipwa, au anajitolea? Anayejitolea asibebeshwe lawama za shirika zima.

2. Malalamiko yaseme jambo, yasimseme mtu. "Hatua ya tatu haifanyi kazi kwenye simu hii" inasaidia. "Hamjui kazi" haisaidii.

3. Ukigundua kosa, toa habari siku hiyohiyo, hata kama wewe mwenyewe umepata njia ya kulikwepa.

4. Mjitoleaji asimjibu anayeuliza kwa dharau. Swali likiulizwa mara nyingi, ni dalili kwamba maandishi yana shimo mahali hapo.

5. Baada ya kuandikishwa, omba kuona au kusomewa jina lako, na uulize kama limekwisha kutumwa. Ni haki yako.

6. Mjitoleaji akichoka, mpeni wa kumsaidia mnayemjua, na mumshukuru mbele za watu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Katika kambi au mtaa wenu, ni nani anayejitolea na ambaye husikia lawama tu? Ni kosa gani mnalolijua ambalo hamjamwambia mtu anayeweza kulirekebisha? Orodha ikiwa na pengo, mna njia gani ya kuuliza kabla maneno ya ukabila hayajaanza kutembea?

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Sisi tunaoishi katika mji wenye jina hilo tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza taratibu na kujibu taratibu.