"Niliteleza kibanjani, nesi"

Ukiishi Bukoba au Muleba haya umeyasikia: msibani, sokoni, kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Tuyapime moja moja.

"Mjamzito hapigwi, mimba ni kinga." Si kweli. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza wanawake waliowahi kushika mimba. Asilimia 7 Dar es Salaam, na 12 mkoani Mbeya, walisema walipigwa wakiwa wajawazito.

"Angekuwa anapigwa, angemwambia nesi." Uongo, na huu ndio unaotuponza zaidi. Mtazame mama wa miezi saba anayekunja mkono wa gauni apimwe presha. Juu ya kiwiko pana alama za vidole vinne.

"Hii nini, mama?"

"Niliteleza kibanjani, nesi."

Mlango uko wazi, na kwenye foleni yumo wifi yake. Mume naye kamsindikiza, maana wanaume tunawahimiza waje kliniki, na ni jambo jema. Ila sasa kakaa kiti cha pili. Aseme nini? Kule Moshi, watafiti waliwafuatilia wajawazito waliotendewa ukatili na wenzi wao: takriban mmoja tu kati ya wanne alikuwa amemwambia mtu yeyote. Na mjamzito wa kisiwani Bumbire, ziwani Viktoria, akitaka kwenda Dawati la Jinsia la polisi ng'ambo ya maji, nauli ya boti ataiomba kwa nani kama si kwa mume huyohuyo?

"Mume ana haki ya kumrudi mkewe." Uongo mtupu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo. Lakini katika utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba yapo makosa yanayohalalisha mke kupigwa. Anayeamini amestahili hatalalamika.

"Mambo ya ndani hayatolewi nje." Nusu kweli. Kuyatangaza sokoni hakumsaidii mtu. Ila wazee hawakuyafungia kabisa: palikuwa na shangazi wa kuambiwa, na nyumbani kwa baba pa kurudi mpaka mume aje ajieleze. Hata wale wachache wa Moshi waliosema, wengi waliwaambia ndugu zao wa kuzaliwa. Njia hiyo ya zamani bado inapitika, mradi shangazi asimrudishe kwenye kipigo kwa neno "vumilia".

"Ukimuuliza unavunja ndoa ya watu." Uongo. Kinachodhuru ni kuuliza vibaya, mbele ya mume au wifi. Aulizwe faraghani, na mtu aliyefunzwa, anayejua pa kumpeleka, asiyemlazimisha kushtaki.

"Mficha uchi hazai." Kweli, tena kwa takwimu. Moshi ileile, waliopigwa wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Kwa hiyo nesi, funga mlango, mtoe mume kwa adabu, uliza tena habari za ule mkono. Asiposema leo, muulize hudhurio lijalo.