Mazoezi ya mapafu kwa simu: hata kitochi kinatosha

Hapa Igalula utamwona mzee anatoka nyumbani kwenda stesheni, anasimama mara tatu njiani kuvuta pumzi. Watu wanasema "uzee huo". Jamani, si kila mara ni uzee! Inawezekana ana ugonjwa sugu wa mapafu.

Visababishi tunaishi navyo: sigara, moshi wa kuni jikoni, vumbi la kazini, na makovu ambayo kifua kikuu kinaacha hata mtu akishapona. Wakulima wa tumbaku hapa Uyui nao wanavuta moshi wa mabani. Utafiti wa Masama, Kilimanjaro, uliotoka 2018, ulikuta asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa njia zao za hewa zimebana. Si wachache hao.

Sasa ubaya wake uko hivi. Mtu akihema anaogopa kutembea, anakaa tu. Akikaa, misuli ya miguu inalegea. Misuli iliyolegea inachoka haraka, kwa hiyo akiinuka anahema zaidi ya jana. Anakaa tena... mwisho hata chooni anashikwa mkono.

Dawa peke yake haivunji mzunguko huo. Kinachouvunja ni mazoezi ya kupimwa, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, pamoja na mafunzo ya kupumua. Mapafu hayarudi kuwa mapya, ila miguu inapata nguvu na mtu anafanya mengi kwa pumzi ile ile. Kampala, hospitali ya Mulago, waliwajaribishia watu walioharibiwa mapafu na kifua kikuu, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, na hali zao zikawa nzuri zaidi.

Utasema, Mulago ni mbali, hata Tabora mjini nauli mara 2 kwa wiki nani ataiweza? Hapo ndipo simu inapoingia. Australia walifanya jaribio lililotoka 2017: mtaalamu alimtembelea mgonjwa nyumbani mara 1, halafu akampigia simu mara 1 kwa wiki kwa wiki 7. Mgonjwa alitembea, akainuka na kukaa kwenye kiti, akanyanyua chupa za maji. Mwisho wa mazoezi hawakuwa nyuma ya waliokwenda hospitali. Mwaka 2021 tafiti 15 za mazoezi ya mbali zilichambuliwa pamoja, zikaonyesha mambo hayo hayo, tena wa mbali walimaliza mazoezi kwa wingi zaidi.

Mmeona? Hiyo ya Australia haikuhitaji video wala bando. Ilikuwa sauti tu, kwa hiyo hata kitochi kinatosha.

Tatizo letu ni kwamba bibi anayehema hana hata hicho kitochi. Simu ni ya mjukuu, na mjukuu yuko shamba mpaka jioni. Au chaji imeisha, au laini imebadilishwa, au anayepiga anaongea Kiswahili cha hospitali na bibi anasikia Kinyamwezi. Mpango wowote wa namna hii ukija huku, kwenye kadi ya mgonjwa iandikwe namba ya mwenye simu na saa anayopatikana, na kituo ndicho kipige, salio lisiwe la mgonjwa.

Na sisi vijana tunaoshinda kafe ndio wenye simu hizo. Kukaa na bibi dakika 20 ukimhesabia hatua haina gharama.

Tahadhari: usimwanzishie mtu mazoezi kabla hajapimwa. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, nenda kapime kifua kikuu kwanza. Akiumwa kifua, akipata kizunguzungu au akikohoa damu, aache mara moja aende kituo cha afya. Na dawa asiache.

Wadau, kwenu simu inashikwa na nani? Semeni hapo chini. Naomba kuwasilisha.