Siri ya Nchi na Hesabu ya Kijiji

Maneno yetu ya leo ni matatu: SIRI, HESABU, ARDHI. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi myasome kwa sauti. Haya, tuendelee.

Kila nchi ina mambo yake ya siri. Mahali zilipo silaha, mipango ya majeshi, barua za mabalozi: hayo hayatangazwi sokoni. Na nchi mbili kubwa zikishindana, siri huongezeka. Ndivyo ilivyo China na Marekani. Zashindana kwa biashara, kwa silaha na kwa ufundi, na kila moja huchelea macho ya mwenzake. China ilitunga sheria ya siri za nchi mwaka 1988. Mwaka 2024 ikatia katika sheria hiyo jambo jingine, nalo laitwa siri za kazi. Maana yake ni habari za ofisini ambazo si siri za nchi, lakini zikitoka zaweza kuleta madhara.

Sasa fikirini. Ni nani apimaye madhara hayo? Ni yule yule mwenye ofisi. Hapo ndipo mwananchi hana budi kuwa macho.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mambo ya China yatuhusu nini?" Wachina si wageni mkoani kwetu. Mwaka 2011 kituo cha kilimo walichokijenga kilifunguliwa pale Dakawa. Nao kwao wana vijiji, na kila kijiji kina kamati ya kuchaguliwa. Sheria yao ya mwaka 1998 yaagiza hesabu za kijiji zitangazwe, watu wazione. Lakini kando ya kamati yuko katibu wa chama, na mara nyingi neno lake ndilo la mwisho.

Sikilizeni habari za kijiji cha Wukan, kilichoko pwani katika jimbo la Guangdong. Mwaka 2011 watu wa Wukan walisema kuwa viongozi wao wameuza ardhi ya kijiji bila idhini yao. Wakaandamana, na viongozi wakakimbia. Mmoja wa wajumbe wa wanakijiji akafa mikononi mwa polisi. Katika intaneti ya China jina la kijiji likazuiwa, mtu akilitafuta asilipate. Mwezi wa Machi 2012 waliruhusiwa kupiga kura, wakachagua kamati mpya. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi haikurudi, na mwaka 2016 mwenyekiti waliyemchagua alifungwa kwa kosa la rushwa, ingawa wanakijiji wengi hawakuisadiki hukumu hiyo.

Twajifunza nini? Ardhi ikishauzwa gizani, kuirudisha ni kazi kubwa mno. Dawa yake ni kuuliza mapema.

Basi turudi nyumbani. Sisi nasi tunayo sheria ya usalama wa taifa, ya mwaka 1970, inayolinda siri za nchi. Lakini hesabu ya kijiji haimo humo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka kuu kijijini, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yasema kuwa halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu ukubali kwanza. Na sheria ya mwaka 2016 yampa raia haki ya kuomba taarifa ofisini, naye ajibiwe katika siku 30.

Kwa hiyo hesabu ikibandikwa, isomeni hivi. Kwanza tazama fedha zilizoingia. Pili tazama zilizotoka, na kazi iliyofanywa. Tatu toa zilizotoka katika zilizoingia, uone kama baki ni sawa na ile iliyoandikwa. Ikiwa si sawa, simama mkutanoni uulize kwa adabu, tena uombe swali lako liandikwe katika muhtasari. Ukiambiwa, "Hiyo ni siri ya Serikali," uliza, "Ni sheria gani isemayo hivyo?"

Zamani asiyejua kusoma alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Leo ninyi mwajua herufi. Msitie sahihi msichokisoma.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mambo gani yafaa kuwa siri ya nchi, na kwa nini?

2. Katika kijiji chenu, hesabu hubandikwa wapi? Mara ya mwisho ilisomwa lini?

3. Andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji kuomba kuiona.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.